Kaka yuataka kodi ya mama iende kwa utafiti wa dimensia, na mie ndo nnaemuosha

Assalam aleikum Khalati,

Mie ni mwanamke wa miaka arobaini na kitu, niko Majengo hapa Mombasa, nimeolewa, nna watoto watatu na mamangu naishi nae kwangu tangu baba alipofariki. Nimefikiria sana kabla ya kuandika manake mambo ya ndani ya nyumba si ya kuanikwa, lakini nshachoka na grupu yetu ya WhatsApp ya familia sikuizi haisomeki.

Mamangu ana dimensia. Ilianza kidogo kidogo, atia chumvi kwenye chai tukacheka, aficha pesa za mahamri ndani ya debe la unga halafu asema tumemuibia, tukasema ndo uzee huo. Sasa imekuwa kubwa. Adhuhuri aisali, akitoa salamu tu ashasahau, ainuka atia udhu tena asali tena, mara tatu mara nne mpaka miguu yafura, na ukimwambia mama wee ushasali akuwakia ati wamzuia na Mola wake. Jioni ndo balaa zaidi, yuataka kurudi kwao Likoni na huko kwao hapako tena, nyumba iliuzwa zamani. Kuna siku alifika hadi feri peke yake, miguu chini, kanga moja, na kijana mmoja wa mkokoteni anaemjua ndo aliemrudisha, Allah amlipe kheri.

Hospitali ya kwanza tulioenda hata hawakumkalisha vizuri, wakatwambia ni uzee mpeleke nyumbani apumzike. Ya pili daktari alikuwa mpole, akamwambia mama ahesabu kutoka mia arudi nyuma kwa saba saba, halafu achore picha alizomuonyesha. Sasa mama skuli hakwenda, alisoma chuo cha Qur'ani tu na maisha yake yote ameuza mahamri, kalamu ya risasi hajui hata kuishika. Akamwangalia daktari akamwambia "mwanangu kama wataka mahamri sema wataka mangapi, wacha kunizungusha". Tulicheka lakini nilitoka pale roho yaniuma. Skani ikafanywa, tukaambiwa ni Alzheimer, aina moja ya dimensia, akapewa vidonge, na daktari akasema ukweli kwamba vyasaidia kidogo kwa muda, kupona hakupo.

Sasa tatizo langu. Kakangu mkubwa yuko Leicester, Uingereza, miaka mingi. Yeye ampenda mama sana sitaki nimdhulumu, huko alitembea matembezi ya kuchangisha pesa na kila mwezi benki yamkata kiasi chaenda kwa shirika la huko lagharamia utafiti wa dimensia. Juzi akaandika kwa grupu kwamba mama ana vyumba vyake vitatu vya kukodisha kule Kisauni, basi kila mwezi itolewe elfu tano kwa ile kodi itumwe kwa shirika hilo kwa jina la mama, iwe sadaka yake jariya. Dadangu wa kwanza akaruka juu, ati pesa za Muislamu ziende zikalishe panya wa wazungu na mama mwenyewe ana jini, si bora tutafute wa kumsomea. Bwanangu hakusema kwa grupu, aliniambia mie tu, hizo elfu tano ni daipa za mama za mwezi.

Mie niko katikati. Kusema ukweli nilipomsikia kaka moyo ulilainika. Nikipoteza ufunguo tu sikuizi naingia baridi, nasema na mie ndo naanza. Nilikuwa nataka nitoe japo mia tatu kila mwezi kwa mahamri nnayouza mwenyewe, si za mama, zangu. Lakini naona aibu, nitoe mia tatu za utafiti na daipa nakopa dukani? Na zafika kweli ama ni za watu kupanda ndege? Yaweza kuwa zaka yangu? Na kaka nimwambieje, manake yeye ndo mwenye kauli na sisi huku twasikiza tu.

Mtoto wa Kati, Majengo

*

Waleikum salaam mwanangu, na pole, pole ya kweli kweli.

Nianze na zile elfu tano. Haziendi. Si Leicester, si Nairobi, si msikitini, haziendi popote. Vyumba vya Kisauni ni vya mama na kodi ni ya mama, na mama kwa hali alonayo hawezi kusema natoa wala sitoi. Sadaka yataka nia ya mwenye mali. Mali ya mtu asiejiweza ikishakuwa mkononi mwenu ni amana, yatumiwa kwa ajili yake yeye, chakula chake, dawa yake, daipa yake, mtu wa kumkalia, bati likivuja kule Kisauni lirekebishwe. Mtu kumtolea sadaka mamake kwa pesa za mamake mwenyewe halafu aseme nimemtolea mama, hapo mwanangu sijui anaetoa ni nani. Kaka akitaka kumfanyia mama sadaka jariya mlango uko wazi, atoe mfukoni mwake anuie thawabu za mama. Na madhali kuna kodi yapokelewa na kutumiwa na nyinyi watoto, kaeni mumuone wakili awaeleze njia ya kisheria ya kusimamia mali ya mzazi alie hivi, manake leo mwagombania elfu tano, kesho itakuwa nyumba.

Halafu kuna hesabu ndogo ambayo kaka akiiona atajionea mwenyewe. Uingereza mtu anaelipa kodi ya serikali akitoa pauni 10 kwa shirika la hisani na akajaza ile fomu yao ya Gift Aid, serikali yaongeza pauni 2.50 juu yake, shirika lapata 12.50. Ikitoka kwa pesa za Mombasa haiongezwi hata senti, na kabla haijafika benki ishakula ya kubadilisha shilingi kuwa pauni na ya kutuma. Sasa kwa nini pesa itoke kwenye daipa za Majengo ipite kwenye makato yote hayo, na yeye yuko kule kule mlangoni kwao na yake yaongezwa robo? Kama pauni alizonazo zimebaki kidogo, za kwanza zije huku. Akulipie mtu wa kukaa na mama asubuhi mbili kwa wiki wee ulale. Sijaona kwenye barua yako mahali popote umesema walala.

Sasa dadako na panya wake. Nacheka lakini maneno yake ndo ya wengi hapa mjini, ati huu ni ugonjwa wa wazungu na utafiti ni wao. Si hivo. Shirika la Afya Duniani lilihesabu watu milioni 57 wenye dimensia mwaka 2021, na zaidi ya 60 kwa kila 100 wako nchi za kipato cha chini na cha kati, ndo sisi hao. Kila mwaka wagonjwa wapya ni karibu milioni 10. Wako Kibokoni, wako Likoni, wako Changamwe, ila wamefungiwa chumba cha nyuma na wageni wakija waambiwa bibi hajiskii vizuri.

Na utafiti wa kwetu ndo ulio mchache, hapo ndo mie napoudhika. Ile habari yako ya mama na daktari na saba saba niliisoma mara mbili. Vile vipimo vilitungwa kwa watu waliokwenda skuli. Mtu aliehesabu mahamri na chenji maisha yake yote kichwani ukimwambia atoe saba kwenye mia bila sababu akuona wee ndo mwenye shida. Wenzetu waliliona hili kitambo. Daktari Hugh Hendrie na wenzake walitengeneza kipimo cha kutumika hata kwa wasiosoma, wakaanza na Wakree, wenyeji wa asili wa kule Kanada, halafu ikaja ile kazi kubwa ya Ibadan, Nigeria, iliyoanza 1992, walifuatilia wazee wa Kiyoruba wa Ibadan na Waamerika weusi wa mji wa Indianapolis kwa miaka, wakipimwa kwa njia moja. Matokeo ya 2001 yalionyesha wazee wa Ibadan waliopata dimensia kila mwaka hawafiki nusu ya wale wa Indianapolis, kwa kiwango. Na ile jeni, yaani chembe ya urithi, iitwayo APOE e4 inayojulikana kuongeza hatari kwa wazungu, kwa Wayoruba haikuonekana na nguvu ile ile. Fikiria, jambo kubwa kama hilo lisingejulikana kamwe kama hakuna mtu alielipa wauguzi wa kupiga hodi nyumba hadi nyumba Ibadan mwaka baada ya mwaka. Sasa pwani yetu hii nani apiga hodi?

Hapa Kenya kuna watu washaanza, tusiwavunje moyo. Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi 7 za mradi wa STRiDE, uliokuwa waangalia dimensia na hali ya wanaowalea wagonjwa, watu kama wewe hasa. Chuo Kikuu cha Aga Khan Nairobi kina taasisi ya ubongo na akili. Na lipo shirika la Alzheimer's & Dementia Organization Kenya, hili kazi yake zaidi ni kuelimisha na kuwakutanisha walezi wazungumze, na hata kama hutoi senti kwao mie ningekwambia watafute, manake wataka mtu wa kukwambia na mie mamangu yuasali mara nne.

Kaka nae usimuone mjinga, jambo moja amelipata sawa kabisa: kila mwezi. Watu wetu kwa harambee hatujambo, tukisikia mtu yuko wadi twachanga usiku mmoja bili yaisha. Lakini utafiti hauendi kwa harambee. Mtafiti ni mwajiriwa, ataka mshahara mwezi huu na ujao na mwakani, na wale wazee anaowafuatilia wataka kutembelewa mwaka wa tano kama walivotembelewa wa kwanza, ukikatiza katikati ile kazi ya nyuma yote yaharibika. Shirika likijua kuna watu elfu wanaotoa kidogo bila kukosa laweza kumwambia kijana haya anza kazi ya miaka mitatu. Likipewa gunia moja la pesa halafu kimya, halithubutu. Na wajua Mtume wetu, swalla Allahu alaihi wasallam, alifundisha kwamba amali aipendayo zaidi Allah ni ile ya kudumu hata kama ni chache. Basi mia tatu usiionee aibu.

Chukua hii dawa mpya ya Alzheimer wanayoisifu, lecanemab. Mswidi mmoja, Lars Lannfelt, na wenzake walichunguza familia moja ya kaskazini ya Uswidi iliokuwa na Alzheimer ya kurithi, wakatoa matokeo 2001. Kutokana na yale ndo ikaja fikra ya hii dawa, na Marekani ikaidhinishwa 2023. Miaka 22 mwanangu! Na baada ya yote hayo haiponyi. Kwenye majaribio ya miezi 18, kwa watu walioanza ugonjwa tu, ilipunguza mwendo wa kudhoofika kwa asilimia 27, ilitiwa kwa dripu kila wiki mbili, yaweza kuvimbisha ubongo au kutoa damu ndani, na ilipotoka Marekani bei yake ilikuwa dola 26,500 kwa mwaka. Nakwambia haya yote ili ujue unachokitolea. Ukitoa, usitoe ukingoja mama apone. Mama wa kwako hali ishapita hapo. Watoa kwa ajili ya watu usiowajua, na pengine, Inshallah, kwa ajili ya binti yako.

Ila si kweli kwamba yote yaishia kwenye madawa ya bei za ndege. Mwaka 2024 jopo la wataalamu wa jarida la utabibu la Lancet walikusanya tafiti za dunia nzima wakasema kuna mambo 14 ambayo yakishughulikiwa tangu utotoni mpaka uzeeni, karibu 45 kwa kila kesi 100 za dimensia zaweza kuzuilika au kucheleweshwa. Ni yapi? Presha, sukari, mafuta kwenye damu, sigara, kutosikia vizuri, kutoona vizuri, kukaa peke yako bila watu, kutotembeza mwili, kuumia kichwa, na mengineyo. Kupima presha pale zahanati hakuhitaji visa. Na tuseme ukweli, vile tunavokula sisi, mahamri asubuhi, viazi karai alasiri, chai sukari vijiko vinne, halafu twakaa barazani mpaka isha... haya niwache, mie mwenyewe kaimati sizikatai. Dadako mwambie hivi, ujuzi huu ulipatikana kwa zile pesa anazosema zalisha panya, na umemfikia yeye bure. Akapime presha.

Kuhusu jini sitabishana nae. Amsomee mamake Qur'ani, amsomee kila siku akitaka, ni kheri na huenda mama akatulia kwa sauti ya mwanawe. Nnalolikataa ni mama kuachishwa vidonge apewe makombe, yale maji ya maandishi ya kunywa, badala yake, au kutozwa pesa na mtu anaejiita tabibu atakaewaambia jini lataka mbuzi mweusi. Mtume alitufundisha pia kwamba hakuna ugonjwa ulioteremshwa ila umeteremshiwa dawa yake. Sasa hiyo dawa itatafutwa na nani tukikaa tukiwacheka wanaoitafuta?

Na hizo sala za mama, usibishane nae. Asiekuwa na akili zake kalamu imeinuliwa juu yake, hana deni. Miguu yafura kwa kusimama, mwekee kiti asali amekaa, na akimaliza tu mkamate mkono mpeleke penye harufu ya chakula. Mara nyingi husahau kuinuka.

Haya, mia tatu zako. Daipa kwanza. Hilo halina mjadala, na daipa zatoka kwenye kodi ya Kisauni ambayo sasa haiendi Leicester, kwa hivo dukani hukopi tena. Ukishapanga hivo tia kumi kila siku kwenye kibubu ukimaliza kuuza, mwisho wa mwezi ndo mia tatu hizo, hutaziskia. Ukizoea, M-Pesa sikuizi ina Ratiba, waiweka mara moja yakata yenyewe kila mwezi, lakini wewe pesa zako zaja kwa siku na kuna siku mahamri yabaki, anza na kibubu kwanza. Mwezi wa shida usitoe, na usijilaumu, hukuweka nadhiri.

Ungetoa wapi? Mie ningetoa kwa wanaofanya kazi hapa Kenya, kaka atoe kwa wa kule, kila mtu amwagilie shamba lililo karibu nae. Lakini uliza kabla. Wape simu au nenda ofisini useme nataka kuchangia mia tatu, zafanya nini? Zaenda kwa utafiti ama kwa elimu ama kwa walezi? Cheti cha usajili kiko wapi, hesabu za mwaka jana naweza kuziona? Mtu mkweli hakasiriki kwa maswali hayo, na hakutazami kwa dharau kwa sababu ni mia tatu. Kule kwa kaka ni rahisi, mashirika ya hisani ya Uingereza yana namba ya usajili na hesabu zao ziko wazi kwa yeyote, amwambie mtu wa shirika lake kila pauni yagawanywa vipi. Pesa za kupanda ndege? Kidogo zaweza kuwemo, na mishahara imo, kodi ya ofisi imo, usitegemee kila shilingi iingie kwenye maabara. Swali ni ngapi. Na ukitumiwa namba ya simu ya mtu binafsi kwenye grupu, na picha ya mzee yualia, na "tuma sasa kabla ya saa sita", futa.

Kuhusu zaka, mie si mufti. Zaka ina watu wake 8 waliotajwa ndani ya Qur'ani na kuiingiza kwenye utafiti ni jambo la kumuuliza shekhe wako. Sadaka ni pana, mia tatu yako ni sadaka, wala usijichoshe.

Jingine halina pesa. Siku taasisi inayojulikana ikija kutafuta familia za kuzungumza nazo kuhusu wagonjwa, na wakaeleza vizuri, na mna haki ya kukataa au kujitoa, na hawakutozi kitu, fikirieni kukubali. Habari ya mama aliemuuliza daktari wataka mahamri mangapi ni ya faida kuliko unavodhani, yule atakaetunga kipimo cha Kiswahili cha wazee wetu aihitaji.

Na ufunguo ulioupoteza, kila mtu hupoteza ufunguo, zaidi mtu asielala. Kapime presha na sukari, na masikio pia. Ikiwa baadae utaanza kusahau ufunguo ni wa kazi gani, hapo rudi kwa daktari.

Kaka mwandikie pembeni, si kwa grupu, manake kwa grupu atajibu kama mwenyekiti. Andika hivi: "Kaka, nimependa fikra yako na mie naanza kutoa zangu huku kila mwezi. Kodi ya mama tuiwache kwa mama manake hawezi kuturuhusu. Wewe toa zako huko kwa jina lake, serikali yenu yaongeza robo. Na naomba unisaidie kulipa mtu wa kukaa nae asubuhi mbili kwa wiki, nimechoka kaka." Hilo la mwisho usilifute ukiona aibu, yeye hajui, hajawahi kumuona mama jioni. Akijibu kwa hasira usimjibu usiku. Na kabla mpangaji wa kwanza hajalipa kodi ya mwezi ujao uwe ushaituma hiyo meseji, manake pesa ikishatoka mara moja mwezi wa pili yaitwa ada.